Kusahihishana kwa Upendo: Somo Nililopewa na Hondohondo



Katika mitaa yetu hii iliyo chini ya milima ya Usambara Mashariki, vijana wengi siku hizi wanapenda kazi ambayo zamani tuliihesabu kuwa ya wageni tu, nayo ni kupiga picha za ndege. Wengine wana kamera, wengine wana simu tu. Jumapili baada ya Misa huja na picha zao pale chini ya mwembe, wakatuuliza sisi wazee, "Mwaionaje?" Mimi, kwa kuwa nilifundisha miaka mingi katika chuo cha ualimu, na kwa kuwa niliwahi kuwa na kamera yangu mwenyewe, nimekuwa kama hakimu wao bila kuchaguliwa na mtu.

Swali lao ni fupi, lakini si jepesi. Mtu akituletea kazi ya mikono yake na kutuomba neno, tuna deni gani kwake? Je, tumsifu ili asikate tamaa? Tumwonyeshe makosa ili apate kuendelea? Na kama ya kusema ni mengi, lipi litangulie? Nataka kulijibu swali hili kwa kueleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe, maana katika jambo hili sina mfano unaofundisha zaidi ya aibu yangu.

Kijana mmoja wa parokia hii, ambaye sitamtaja jina, aliniletea picha ya hondohondo. Wote tunamjua ndege huyu mkubwa, mweusi na mweupe, mwenye pembe juu ya mdomo, ambaye sauti yake husikika mbali asubuhi. Lakini huenda si wote tunaojua desturi ya nyumba yake. Jike anapotaka kutaga huingia katika tundu la mti mkubwa, na mlango wa tundu huzibwa kwa udongo mpaka ukabaki ufa mwembamba tu, unaotosha mdomo kupita. Dume huleta udongo, na jike huukandika kutoka ndani. Humo hukaa miezi mitatu na zaidi, akitaga, akiatamia na kulea. Muda huo wote hawezi kujitafutia chakula. Dume ndiye humletea matunda, maelfu kwa maelfu, na kumpitishia moja moja kwenye ule ufa. Mambo hayo yalichunguzwa papa hapa milimani kwetu na Bwana Reginald Moreau, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kuanzia mwaka 1928 hadi 1946, akayaandika baada ya saa nyingi sana za kuyatazama matundu hayo.

Basi picha ya kijana ilimwonyesha dume ameshika gome la mti kando ya tundu, kwenye mpaka wa shamba la iliki, tunda likiwa ncha ya mdomo na kichwa kimeelekea kwenye ufa. Nilifurahi sana. Nikamsifu kwanza, kama tulivyokuwa tukiwafundisha walimu wanafunzi. Kisha nikamwambia mambo matatu. Kwanza, kuna tawi linalokata kifua cha ndege. Pili, umesimama mbali mno, na ndege amekuwa mdogo. Tatu, kivuli kimefunika uso, na jicho halionekani. Nawe ujue kwamba mtazamaji hulitafuta jicho kwanza, na jicho likiwa gizani picha nzima hulala. Nikamwambia, "Rudi, usogee, ungoje jua la asubuhi."

Kijana aliyaandika yote katika daftari lake dogo, akanishukuru, akaenda zake. Nami nilijiona nimetenda vema. Nilikuwa nimetanguliza sifa. Nilikuwa nimetaja makosa yanayoweza kurekebishwa, wala si maneno ya jumla kama "jitahidi zaidi", ambayo hayamsaidii mtu. Sikumwaibisha mbele ya wenzake. Kama ningejisahihisha mwenyewe siku ile, ningejipa alama tisa katika kumi.

Baada ya juma moja alileta picha ya pili. Tawi halipo. Ndege amejaa pichani. Jua limemwangukia usoni, na jicho linang'aa kama ushanga. Nikawaita watu waje waone. Nikasema picha hii itundikwe katika ukumbi wa parokia siku ya Sikukuu ya Mavuno.

Katika wale waliokuja alikuwamo bibi mmoja ambaye tangu utoto wake anakata kuni kando ya msitu ule. Aliishika picha, akaitazama kwa muda mrefu kuliko sisi sote, kisha akauliza, "Mwalimu, huyu ndege anamtazama nani?"

Nikamjibu, "Anamtazama mpiga picha, bibi. Ndiyo maana picha imekuwa nzuri."

Akasema, "Tunda bado liko mdomoni. Shingo ameivuta. Bawa moja limeshaanza kufunguka. Huyu hajamlisha mkewe. Huyu anataka kukimbia. Na lile tawi lililokuwa likimsitiri liko wapi?"

Kijana akainamisha kichwa. Tawi alikuwa amelikata kwa panga. Tena alikuwa amesimama chini ya mti ule asubuhi tatu mfululizo, akingoja jua. Kwa nini alifanya hivyo? Kwa sababu mwalimu alimwambia kwamba tawi ni kosa, na kwamba yuko mbali mno.

Tulikubaliana asirudi tena. Lakini majuma machache baadaye alipita njia ya shambani, akaona ule ukuta wa udongo umevunjwa na tundu li tupu, kabla ya wakati wake. Hondohondo jike akikosa chakula huvunja ukuta na kuondoka, akayaacha mayai au makinda. Siwezi kuapa kwamba sisi ndio tulioleta msiba huo. Yaweza kuwa dume alikufa, au mnyama alilivamia tundu. Lakini pia sina haki ya kusema kwamba si sisi.

Sisi wazee twapenda sana kusema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kijana huyu alisikia la mkuu, neno kwa neno, akaliandika daftarini, na kusikia kwake ndiko kulikoleta madhara. Tangu siku hiyo nimejiuliza mara nyingi: kosa langu lilikuwa wapi hasa?

Halikuwa katika uongo, kwa maana yote matatu niliyoyasema juu ya picha yalikuwa kweli. Wala halikuwa katika ukali, kwa maana nilisema kwa upole. Kosa langu ni kwamba niliisahihisha kazi bila kuuliza ilivyopatikana, wala itakavyopatikana nyingine. Nilitazama karatasi, nikamsahau kiumbe aliye nyuma yake.

Aibu yangu inazidi kwa sababu jambo hili nilikuwa nikilifundisha. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, nilikaa nyuma ya darasa na daftari langu nikimtazama mwalimu mwanafunzi. Wakaguzi wapya hupenda kutazama ubao. Wakiona maandishi yamenyooka na michoro imepakwa rangi, huandika sifa. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu, msitazame ubao tu, watazameni watoto. Somo lenye ubao mzuri, huku mtoto wa dawati la nyuma analia kwa kuogopa fimbo, si somo zuri. Na baada ya kipindi, kabla ya kusema neno lolote, nilimwuliza mwanafunzi: "Ulikusudia nini, nawe ulifanya nini ili kukipata?" Maswali hayo mawili niliyauliza kwa miaka mingi. Siku ya hondohondo sikuyauliza.

Najua mtu atanipinga hapa. Atasema, "Mwalimu, unachanganya mambo mawili. Picha ni picha, na mwenendo wa mpiga picha ni jambo jingine. Aliyeulizwa juu ya picha na ajibu juu ya picha." Pingamizi hili lina nguvu, nami nimelifikiri. Hatumwulizi seremala siri zake za nyumbani kabla ya kusema kiti chake kinalegea.

Lakini picha ya ndege si kama kiti. Anayetuonyesha picha ya kiumbe wa porini anatuambia, "Hivi ndivyo nilivyomkuta." Hiyo ni shahada, na kila shahada yaweza kuulizwa. Katika mashindano makubwa ya picha za viumbe yanayofanyika London, ambayo yalianza mwaka 1965, ushindi wa mwaka 2009 ulipewa picha ya mbwa mwitu anayeruka lango usiku. Ilikuwa picha ya ajabu. Januari 2010 waamuzi waliifuta, kwa kuwa walifikia uamuzi kwamba yaelekea mnyama yule alikuwa amefugwa na kuzoezwa, jambo ambalo kanuni zilikataza. Mpiga picha mwenyewe alikana. Basi fikirini: mwanga wa picha ile haukubadilika hata kidogo, wala umbo la mnyama. Kilichobadilika ni jibu la swali moja tu, "Uliipataje?" Jibu hilo peke yake lilitosha kuondoa tuzo. Kumbe namna ya kuipata ilikuwa sehemu ya picha tangu mwanzo.

Kwa hiyo naamini kwamba anayeombwa neno juu ya picha ya ndege ana wadai watatu. Wa kwanza ni mpiga picha, anayestahili kweli itakayomsaidia. Wa pili ni watazamaji, ambao hawapaswi kudanganywa. Wa tatu ni ndege mwenyewe. Huyu wa tatu hayupo mkutanoni, hawezi kujitetea, na hasara ikitokea ni yake kwanza. Ndiyo maana nasema deni lake litangulie kulipwa. Mbele ya mtu asiyeweza kusema, Mkristo hana ruhusa ya kujifanya hasikii. Na sidhani kwamba ruhusa hiyo ataipata mbele ya kiumbe ambaye Bwana wetu alisema hata thamani ya senti chache haimfanyi asahauliwe na Baba.

Kutokana na hayo, yatupasa kutofautisha makosa ya namna mbili, ambayo sisi huyachanganya. Kuna makosa ya mkono. Picha imetikisika, yangeyange aliyepigwa jua la adhuhuri amegeuka bonge jeupe lisiloonyesha unyoya hata mmoja, mbayuwayu anayeruka amewekwa ukingoni mwa picha, hana nafasi ya kwenda mbele. Makosa haya hayamdhuru mtu. Husemwa polepole, moja au mawili kwa siku, na kila moja pamoja na dawa yake: tegemeza mkono, amka mapema, mwachie ndege nafasi upande anaoelekea. Na kuna makosa dhidi ya kiumbe. Kusogelea tundu lenye makinda, kukata majani yanayolisitiri, kumrushia ndege jiwe ili aruke, kupiga sauti ya ndege mwenzake kwenye simu tena na tena mpaka achoke kwa kutafuta adui asiyekuwapo, na kutangaza kila mahali palipo na tundu. Haya hayangoji zamu. Husemwa kwanza, husemwa wazi, na picha haisifiwi hata kama jicho linang'aa kama ushanga.

Twasifu kwa nini ni jambo kubwa, kwa sababu sifa nayo ni mafundisho. Wahenga wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi ningeongeza kwamba vijana wengine waliokuwa wamesimama pale chini ya mwembe waliniona nikiisifu picha ya pili. Kama bibi asingekuja, wangerudi nyumbani wamejifunza kwamba panga ni chombo cha kupigia picha.

Je, kusahihisha kufanyike kwa siri au hadharani? Maandiko yanatupa mifano miwili. Apolo alipohubiri Efeso akiwa na bidii nyingi na elimu pungufu, Prisila na Akila hawakumkatiza mbele ya mkutano. Walimchukua kwao, wakamweleza ile njia kwa usahihi zaidi, naye akaendelea kuhubiri kwa nguvu kuliko kwanza. Lakini Paulo alimpinga Petro kule Antiokia mbele ya watu wote, kwa kuwa alichokifanya Petro kilikuwa kinawaumiza wengine na kuwavuta nyuma yake. Nadhani hapa kuna kipimo. Kosa la mkono lisemwe nyumbani kwa Akila. Kosa linaloumiza wengine, likiwa limesifiwa hadharani, litakanushwe hadharani. Na anayepaswa kuanza ni yule aliyelisifu. Kwa sababu hiyo nilisimama Jumapili iliyofuata nikawaambia vijana kwamba niliyemfundisha mwenzao vibaya ni mimi.

Sasa niseme kidogo juu ya kupokea, maana kupokea ni kugumu kuliko kutoa. Bibi aliponiuliza ndege anamtazama nani, moyo wangu uliinuka haraka. Nilitaka kusema, huyu hajui kusoma, hajapata kushika kamera, atajuaje picha? Lakini yeye alikuwa amewatazama hondohondo tangu utoto, nami nilikuwa nimetazama picha. Elimu yake ilikuwa ya kitu chenyewe. Tunapopokea neno tusipime kwanza cheo cha anayesema, bali tuulize anakijua nini ambacho sisi hatukijui.

Tena angalieni namna aliyosema. Hakunishtaki. Aliuliza swali, akaniacha nilijibu mimi, na jibu langu likanihukumu. Hivyo ndivyo nabii Nathani alivyomwendea mfalme Daudi: alimsimulia habari ya maskini na mwana-kondoo wake, mpaka mfalme akatoa hukumu kwa kinywa chake mwenyewe. Na fahari ya Daudi katika kisa kile ni kwamba alipotambua, hakuanza kutaja sababu. Alikiri. Sisi wengi tunapokosolewa hutafuta upesi kosa la anayetukosoa, au twasema, "Mbona fulani hufanya vibaya zaidi?" Kijana wetu alinizidi hapa. Hakusema, "Mwalimu ndiye aliyenituma," ingawa angesema kweli tupu. Alisema, "Nilimwona anahangaika, nikadhani atazoea." Kukiri kwake kulinifunza jambo jingine: alikuwa ameiona dalili kwa macho yake, lakini sauti yangu ilikuwa kubwa kichwani mwake kuliko macho yake. Enyi wazazi na walimu, uzito wa maneno yetu kwa vijana wanaotuheshimu ni mzito kuliko tunavyodhani.

Je, basi, vijana waache kupiga picha za ndege? La, hasha. Picha nzuri imewafanya wengi wapende kiumbe ambaye wangemrushia manati. Ila wajifunze kwamba katika kazi hii uvumilivu huja kabla ya ukaribu. Ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, walioanza kupiga picha za viota tangu mwaka 1892, walifikia hatua ya kutumia ngozi ya ng'ombe dume iliyotengenezwa kama ng'ombe mzima, mmoja akajificha ndani na kamera, ili ndege wasiogope. Watu waliwacheka, lakini wazo lao ni zuri: badala ya kumlazimisha ndege atuzoee sisi, sisi tujifiche mpaka asitujue tupo. Kibanda cha makuti chatosha, mbali na tundu, na saa nyingi za kukaa kimya. Na dume akichelewa kumlisha mkewe kwa sababu yetu, tuondoke, hata kama jua ni zuri.

Torati, katika kitabu cha Kumbukumbu sura ya 22, inatoa amri juu ya mtu anayekuta kiota njiani: asimchukue mama pamoja na makinda yake. Nimewafundisha watoto kifungu hicho bila kukifikiri sana, nikidhani ni habari ya wawindaji wa kale. Leo naona kinamhusu pia mtu ambaye hachukui kitu ila picha.

Mtapenda kujua mwisho wa habari hii. Picha ya pili haikutundikwa. Siku ya Mavuno tulitundika ile ya kwanza, yenye ndege mdogo, jicho kivulini, na tawi linalokata kifua. Chini yake kijana hakuandika mahali alipoipiga. Aliandika tu, "Hondohondo akimlisha mkewe." Watu wengi walisimama kuitazama. Mtoto mmoja wa kipaimara akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini kuna tawi mbele?"

Nikamjibu kwamba lile si kosa la picha. Lile ni pazia la nyumba ya watu.

Mwenyezi Mungu atujalie ulimi wa kusema kweli iliyo ya kwanza, na masikio ya kuisikia inapotoka kwa mtu tusiyemtazamia. Amina.